Wasomaji wa Dirisha la Nyuma

3 Machi

Mwanangu,

Marahaba, maana najua umeshaniamkia moyoni kabla hujafungua bahasha. Mimi mzima, goti tu ndilo linalonikumbusha umri. Lakini leo sikuandiki kwa ajili ya salamu.

Jana asubuhi niliingia karakana ya maktaba, kama ninavyoingia siku tatu kwa wiki tangu waliponistaafisha, halafu wakagundua hakuna mwingine anayejua kushona mgongo wa kitabu. Mlangoni nikakuta maboksi matatu yamefungwa utepe mwekundu. Nikadhani ni kazi mpya. Nikakata utepe. Mwanangu, walikuwa wao! Mzee wa Koti, riwaya kumi na tisa. Bibi Nukta, kumi na tatu. Kijana wa Ngazi, tisa. Jumla arobaini na moja, zimelazwa kifudifudi.

Unakumbuka tulivyowapa majina hayo? Mzee wa Koti kwa ile picha ya nyuma ya jalada, koti lilelile tangu riwaya ya kwanza mpaka anaingia kaburini. Bibi Nukta kwa ubahili wake wa nukta: sentensi moja kurasa mbili, na mwanamke bado hajamaliza kukunja shuka. Na Kijana wako, aliyepigwa picha amekaa ngazini, ambaye siku hizi nadhani ana mvi.

Nikamwuliza Mkutubi Mkuu, huyu mpya, mtu wa tai na adabu zake, simsemi vibaya. Akanionyesha waraka kutoka makao makuu. Kitabu ambacho kadi yake haijagongwa muhuri wa kuazimwa kwa miaka saba kinahesabiwa kimekufa. Kitolewe, kipelekwe kiwanda cha karatasi kikasagwe. Gari linakuja tarehe 30 Aprili.

Kimekufa! Nani aliyekishika mkono akakosa mapigo?

Sasa wewe uko hukohuko makao makuu ya maktaba. Niulizie ni mpumbavu gani aliyeandika waraka huu, nimwandikie. Simtakii mabaya. Nataka tu ajue kwamba kuna mtu anamchukia kwa moyo wote.

Shangazi yako


12 Machi

Shikamoo Shangazi,

Nimecheka kwa barua yako, halafu nikaacha kucheka. Pole na goti. Usipande ngazi za stoo, tumeshasemezana kuhusu hilo.

Nimeuliza. Waraka ulipitia kamati, na jambo likishapita kwenye kamati halina mwenyewe, kila mtu anamnyooshea kidole jirani yake.

Lakini tuambiane ukweli. Ziko maktaba ambazo watoto wa shule wanakaa sakafuni kwa sababu rafu zimekula vyumba vyote. Na wapo waandishi wapya wasio na pa kuwekwa. Kuna dada mmoja ameandika riwaya ya wanawake mafundi wa lifti, ukiishika utaunguza chakula jikoni. Naye si anastahili kukaa mahali? Rafu si mpira, haivutiki. Kama watu hawajamwazima Mzee wa Koti kwa miaka saba, basi sisi wawili kumpenda hakutoshi. Kadi ni kadi, Shangazi.

Nitakutafutia riwaya zake madukani, nikununulie moja moja. Utakaa naye hapo nyumbani kwa raha zako, hakuna wa kukusumbua.

Mwana wa kaka yako


18 Machi

Mwanangu,

Nashukuru kwa nia, lakini sitaki kununuliwa. Mtu ukimpenda humfungii ndani.

Unaniambia kadi ni kadi. Basi vuta kiti nikueleze habari za kadi. Hili sijamwambia mtu yeyote, hata marehemu baba yako.

Kitabu kikienda kwa fundi hakigongwi muhuri. Kinaandikwa kwenye daftari la karakana neno moja tu, "matengenezo", basi. Ndiyo kawaida ya kazi yetu. Kwa miaka thelathini na moja nimewachukua hawa watatu kwa jina la matengenezo. Nawasoma, nawarudisha, nawachukua tena. Na sikuwa peke yangu. Zamani uanachama wa maktaba ulitaka barua ya mwajiri. Fundi viatu mwajiri wake nani? Mfua nguo je? Bibi Mfagizi alikuwa na mwajiri, lakini mwajiri alimwambia mfagizi asome nini. Basi wakawa wanakuja kwenye dirisha la nyuma la karakana, lile linalotazama jalala. Nikawapa. Wakarudisha, wakaleta na wenzao. Jana nimewahesabu kwa kichwa nikafika watu ishirini na sita. Wamesoma wakagombana, wakasoma tena, na hakuna muhuri hata mmoja.

Kwa hiyo aliyewaua ni mimi. Niliwapenda kwa mlango wa nyuma mpaka huku mbele wakaonekana hawana mtu. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole, na wala sikuombi pole.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili nilipoletewa riwaya ya mpima ardhi. Uzi ulikuwa umekatika ukurasa wa 113. Fundi haanzii mwanzo, anaanzia palipochanika. Pale mpima ardhi amekaa juu ya jiwe la mpaka, ndugu wawili wanafokeana mbele yake, na yeye ametambua kwamba kamba aliyopimia tangu asubuhi ni fupi kwa kidole kimoja. Anajua, na hasemi. Nilisoma mpaka gundi ikakaukia kwenye brashi. Nilikuwa nimezoea hadithi za watu wema na watu wabaya; sikujua kwamba mtu anaweza kukalia kosa lake namna ile na bado ukamhurumia. Tangu siku hiyo nampenda Mzee wa Koti. Bibi Nukta nilimzoea polepole, kama jirani mwenye maneno mengi ambaye siku akisafiri mtaa unapooza. Na Kijana ulinilazimisha wewe, nikasoma shingo upande, nikashindwa.

Nimeamua. Namwandikia Mkutubi Mkuu nikiri yote. Liwalo na liwe.

Shangazi yako


25 Machi

Shangazi,

Usiandike. Nakupigia magoti. Kwa kanuni zetu, mfanyakazi anayetoa kitabu bila kumbukumbu anasimamishwa kazi, na watakunyang'anya karakana. Ukikosa karakana asubuhi zako utazipeleka wapi?

Nipe wiki mbili. Kuna jambo natafuta namna ya kulisema.

Mwana wa kaka yako


26 Machi

Kwa Mkutubi Mkuu,

Mimi ni fundi wa kujalidi vitabu katika maktaba yako. Naandika kukujulisha kwamba kadi za riwaya arobaini na moja zilizofungwa utepe mwekundu ni tupu kwa sababu yangu. Kwa miaka thelathini na moja nimezitoa kwa kisingizio cha matengenezo, nikazisoma, na nikawaazima watu wasio wanachama kupitia dirisha la karakana. Hakuna kilichopotea. Vilivyochakaa nilivishona.

Ukiniuliza kama najuta, najuta kwa kutogonga muhuri. Kwa kuwaazima sijuti. Naomba vitabu visiadhibiwe kwa kosa langu.

Kama kuna adhabu, nipo nyumbani au karakana.

Fundi


2 Aprili

Kwa Fundi wa Kujalidi,

YAH: KUKIRI KUTOA VITABU BILA KUMBUKUMBU

Barua yako ya tarehe 26 Machi nimeipokea, na nimeisoma mara mbili.

Kwa mujibu wa kanuni sina budi kukusimamisha kazi kwa miezi sita kuanzia leo. Tafadhali rudisha ufunguo wa karakana. Oktoba utarudi kazini. Nafasi yako nitailinda, maana mwingine hatuna.

Kuhusu vitabu, daftari la matengenezo si kumbukumbu ya usomaji, na waraka unataja muhuri. Hata hivyo sikutaka kuamua peke yangu. Nilimpigia simu aliyeandika waraka, Afisa wa Akiba ya Vitabu makao makuu, nikamsomea barua yako. Akasema atanijibu kwa maandishi. Nilidhani mmeshazungumza, kwa kuwa fomu yako ya ajira inamtaja yeye kama mtoto wa kaka yako na mtu wa kuarifiwa ukipatwa na jambo.

Mpaka nitakapopata maelekezo mengine, gari ni tarehe 30.

Mkutubi Mkuu


4 Aprili

Kwa Afisa wa Akiba ya Vitabu,

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Kumbe walikuwa wananisema mimi.

Waraka ningeusamehe. Watu huandika upumbavu ofisini kila siku, ndiyo kazi. Lakini uliniacha nikutukane bila kujua ninayemtukana. Ukanijibu habari za kamati. Ukanishauri nikae na Mzee wangu nyumbani wakati kalamu iliyomfukuza ni yako.

Nimekulea tangu una miaka minne, chini ya meza yangu ya kazi, unacheza na vipande vya uzi huku nakusomea. Nilidhani unasikia. Kumbe ulikuwa umesinzia.

Nina hasira na nimeumia, vyote viwili, na sijui kipi kitaniisha kwanza. Usije huku mpaka nikuite.

Fundi asiye na ufunguo


11 Aprili

Shikamoo Shangazi, hata kama hutaitikia.

Ni mimi. Waraka niliuandika mwezi wa kumi, kwa siku mbili, na niliujivunia. Nilipewa hesabu za kadi za maktaba zote. Sikuona kitabu hata kimoja, niliona mistari yenye sifuri. Barua yako ya kwanza ilipofika niliomba orodha ya maktaba yenu, nikawakuta wote watatu humo, nikaifunika. Ulipoandika habari za mpima ardhi na kamba yake fupi, nilidhani umeshajua na unanichoma kusudi. Nilikwenda kujifungia chooni ofisini nikalia. Sikuwa nimesinzia chini ya ile meza, Shangazi. Nilikuwa nasikia kila neno.

Sasa nisikilize, maana zimebaki siku kumi na tisa.

Soma kifungu cha sita cha waraka. Ziko maktaba ndogo ambazo hazina hata wino wa muhuri, kwa hiyo niliziwekea mlango. Kitabu kisicho na muhuri kinabaki rafuni iwapo watu wawili watafika wenyewe mbele ya mkutubi na kueleza kilichomo, naye akaridhika. Kiko ukurasa wa nne, ndiyo maana Mkutubi wenu hajakifikia. Watu huishia ukurasa wa kwanza. Nimemwandikia kwamba kifungu hiki kinahusu maktaba zote, na kwamba kupima kwa muhuri peke yake ni kosa langu. Nimetia sahihi yangu. Nakala nimempa mkuu wangu wa idara, na kesho ananiita.

Watafute watu wa dirishani. Kila kitabu watu wawili. Ila wewe huhesabiwi. Niliandika pia kwamba mfanyakazi wa maktaba hawezi kuwa shahidi, ili wakutubi wasije wakajitetea wenyewe kwa wenyewe. Mtu aliyesimamishwa bado ni mfanyakazi. Nisamehe na kwa hilo.

Siji, kwa kuwa umesema nisije.

Mwana wa kaka yako


22 Aprili

Kwa Afisa,

Barua imefika. Bado nimekasirika, lakini hasira nimeiweka kando kwanza, kuna kazi.

Kati ya ishirini na sita, watano wametangulia mbele ya haki na wanne wamehama. Waliobaki nimewafuata mlango kwa mlango, na goti langu hili. Wiki nzima wamejaa ukumbi wa maktaba. Mkutubi Mkuu amekaa na waraka wako wazi ukurasa wa nne, mbele yake rundo la riwaya, anaita mmoja mmoja.

Wa kwanza Fundi Viatu, aliyekuja na aproni yake. "Eleza kilichomo," akaambiwa.

"Kilichomo? Kilichomo ni ujinga mtupu!" Akapiga meza. "Mwanamke yule anamwacha muuza saa, mtu wa watu, anakwenda kuolewa na mpiga tarumbeta! Wewe ungemshauri hivyo dada yako?"

Mkutubi akauliza, "Kwa hiyo hukukipenda kitabu?"

"Nimekisoma mara nne! Na kila nikifika pale namwambia, mama, geuka nyuma. Hageuki."

Bibi Mfagizi aliulizwa habari za ile riwaya ya shuka. Akaomba asimame. Akaitoa kwa kichwa ile sentensi ya kurasa mbili, haruki neno, Mkutubi anaifuata kwa kidole kitabuni. Alipofika kwenye nukta Mkutubi alikwenda mwenyewe kumletea maji. Mfua Nguo yeye amemtetea Kijana wako tu, saba kati ya tisa, akakubali moja tu kwamba ni mbaya na hata mwandishi anajua.

Riwaya thelathini na saba zimeshapata watu wawili wawili. Tatu walizozisoma wote ni marehemu. Nimejaribu, haikuwezekana, zinakwenda.

Imebaki moja. Ya mpima ardhi. Hii haina mtu hata mmoja. Nimewauliza wote. Fundi Viatu ndiye aliyenijibu: "Ile si uliikatalia, Fundi? Kila tukiiomba unasema iko kwenye gundi."

Ni kweli. Nyingine zote nilizigawa, ile sikuitoa dirishani hata siku moja. Niliogopa wataichafua, au wataisoma haraka haraka wakasema ni ya kawaida. Nilikuandikia kwa kiburi kwamba ukimpenda mtu humfungii ndani. Nimemfungia miaka thelathini na moja, na sasa anakwenda kusagwa kwa sababu hiyo.

Sina la kuongeza.

Fundi


27 Aprili

Shangazi,

Barua hii naipitisha chini ya mlango wako. Usinigombeze, sijaingia ndani. Ulisema nisije mpaka uniite, kwa hiyo sikuja kwako, nilikuja maktaba. Nasikia sauti yako humo ndani unabishana na Fundi Viatu juu ya yule mpiga tarumbeta, na basi langu linaondoka saa tisa.

Nimekaa mbele ya Mkutubi Mkuu leo asubuhi. Nilimwambia mimi sina kazi makao makuu kwa sasa. Mkuu wa idara ameniondoa kazini, wakipata pa kuniweka wataniajiri upya, na barua ya kuniondoa ninayo mkononi. Akasema basi hapa ni raia kama wengine, keti.

"Umekisoma au umesomewa?"

"Nimesomewa. Mara sita."

Akatazama kifungu, akasema hakikatazi. Akaniambia nieleze kuanzia mwanzo. Nikaanza: mpima ardhi amekaa juu ya jiwe la mpaka, ndugu wawili wanafokeana. Akafungua ukurasa wa kwanza, akakunja uso. Akasema hapana, hiki kinaanza na harusi.

Nikasema harusi ndiyo mwisho.

Akasema harusi iko ukurasa wa tatu.

Shangazi! Kumbe kila mara ulikuwa unaanzia 113, ukifika mwisho ndiyo unarudi kunisomea za mbele! Nimekua mpaka leo nikijua kwamba mpima ardhi anasema uongo, anapoteza kila kitu, anazeeka peke yake, halafu siku moja anaoa na watu wanacheza mpaka viatu vinakatika. Ndiyo riwaya yenye mwisho mzuri kuliko zote nilizowahi kusikia. Nimeishi na mwisho ule. Nilipoharibu mambo nilijiambia, ngoja, harusi bado.

Nikamweleza yote kwa mpango wangu. Alihangaika na kurasa, mbele nyuma, mbele nyuma. Mwishowe akasema kilichomo chote kimo, ila nimekiweka kichwa chini miguu juu. Akaandika: shahidi wa kwanza ameridhisha.

Anatakiwa wa pili. Sikumpata. Nilikaa ukumbini saa mbili nikiuliza kila aliyeingia. Nilimwuliza kama wewe unaweza, akaninyooshea mstari wangu mwenyewe: mfanyakazi hahesabiwi.

Siku tatu, Shangazi. Nimefika hapa nilipofika, zaidi sina.

Mwana wa kaka yako


30 Aprili

Mwanangu,

Gari limekuja saa nne, limeondoka na riwaya tatu. Nilisimama mlangoni kuziaga, mimi na Bibi Mfagizi. Thelathini na nane zimerudi rafuni. Umesikia vizuri, nimesema thelathini na nane.

Siku ile nilipofungua mlango kumsindikiza Fundi Viatu nikakanyaga bahasha yako. Nilitoka mbio mpaka kituoni, kama goti linaruhusu kuita mbio. Basi lilikuwa limeshaondoka. Kwa hiyo kwanza nikuambie hili: umeniweza. Umetii neno langu mahali ambapo nilitaka ulivunje. Hasira imeisha. Kuumia kunaisha polepole, lakini kunaisha.

Na kweli nilikuwa nakusomea hivyo. Sikuwahi kufikiri kwamba kuna namna nyingine.

Kesho yake nilikuwa wa kwanza kuingia maktaba. Nikamwuliza Mkutubi Mkuu, "Mfanyakazi hahesabiwi. Na aliyeacha kazi?"

Akavua miwani. "Fundi, umesimamishwa tu. Oktoba karakana yako inakungoja. Ukiacha, mkataba wa mstaafu haurudishwi tena, kanuni ndiyo hiyo."

"Niulize tena, au umesikia?"

"Fikiria mpaka kesho."

Nikaomba karatasi. Nikaandika palepale mezani kwake, mistari miwili, nikatia sahihi, na tarehe, nikamsogezea. Kisha nikaenda kuchukua sindano zangu na kisu cha ngozi, nikafunga lile dirisha la nyuma kwa mara ya mwisho. Hapo nililia, sikatai. Kwenye meza ile nimekaa kuliko nilivyokaa mahali popote duniani, na wewe ulikuwa chini yake. Lakini kushona nimeshona vya kutosha. Mpima ardhi hakuwa na mtu.

Nikarudi mbele, nikapanga foleni kaunta kama watu wengine. Mkutubi akanijazia fomu ya uanachama mwenyewe. Barua ya mwajiri siku hizi haitakiwi, wanataka mdhamini tu. Nikakutaja wewe. Anahitaji sahihi yako, ametoa mwezi mmoja. Basi njoo. Nakuita.

Akafika kwenye mstari wa kazi. Kalamu ikasimama, maana alikuwa ameshazoea kuandika fundi.

"Niandike nini?"

"Andika msomaji."

Akaandika. Akagonga muhuri kwenye kadi yangu, wino bado mbichi. Kisha akaitoa riwaya ya mpima ardhi kwenye boksi, akaiweka katikati yetu, akakunja mikono.

"Haya, mama," akasema. "Eleza kilichomo."

Mwanangu, nimengoja mtu aniulize hilo tangu nina miaka ishirini na miwili.

Shangazi yako